Je, wajua kwa nini somo la jimnastiki huanza na kubingirika?

Jioni ukishuka Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, au ukipita ufukweni upande wa Ujiji, hukosi kuwakuta watoto wakipiga samasoti mchangani. Mmoja anakuja mbio, anajirusha, miguu inapita juu ya kichwa, anatua wima na wenzake wanashangilia. Wengine wanajirusha majini kabisa, kutoka kwenye mitumbwi iliyoegeshwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Wameigana wenyewe, mdogo kwa mkubwa.

Mtoto huyohuyo akiingia kwenye kipindi cha michezo shuleni, anaambiwa achuchumae, aingize kidevu kifuani, abingirike mbele taratibu. Anaona anarudishwa chekechea. Swali lake ni la haki kabisa: samasoti naijua tayari, kwa nini nianze na kubingirika?

Kwa sababu kubingirika ni somo la kuanguka. Katika jimnastiki yote, ya uwanja wa shule ya msingi na ya Olimpiki, asiyejua kuanguka hana msingi wa kujengea chochote.

Tupige hesabu kidogo. Mtoto wa kilo 30 akiruka kutoka kwenye ukuta wa mita 1, anagusa ardhi akiwa na kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa. Kasi hiyo lazima iishe, na jambo la kuangalia ni inaishia ndani ya umbali gani. Akitua na magoti yamekakamaa, mwili unasimama ndani ya sentimita 5 hivi, na ardhi inamsukuma kwa nguvu ya wastani ya mara 21 ya uzito wake. Ni sawa na kubebeshwa kilo 630 kwa kufumba na kufumbua. Akikunja magoti na nyonga, akashuka sentimita 40 huku misuli ya mapaja ikizuia, nguvu hiyo inapungua hadi mara 3 na nusu, yaani kilo 105. Mtoto ni yuleyule na ukuta ni uleule, ila mwili umepewa nafasi ya kupunguza mwendo.

Kubingirika kunapokea kazi pale magoti yanapofika mwisho. Kasi iliyobaki haikatwi ghafla, inageuka kuwa mzunguko. Mguso unatoka nyayoni, unapita viganjani, nyuma ya mabega, mgongoni, makalioni, kisha unarudi nyayoni. Hakuna kiungo kimoja kinachobeba mzigo wote peke yake. Ndiyo maana wacheza judo nao huanza na kuanguka kabla ya kufundishwa kumwangusha mtu.

Mwalimu anayelijua somo hili, mtoto anapobingirika, macho yake yako shingoni mwa mtoto. Viganja vinawekwa chini kwa upana wa mabega, vidole vikielekea mbele. Kidevu kinabanwa kifuani. Walimu wengine huweka jani au kipande cha karatasi kati ya kidevu na kifua na kumwambia mtoto asikiangushe. Makalio yanainuka kuliko kichwa, miguu inasukuma, na kinachogusa chini kwanza baada ya mikono ni nyuma ya mabega. Utosi haupaswi kubeba uzito hata kidogo. Mtoto akiinua kidevu katikati ya safari, mgongo unanyooka na anabwaga kiuno chini kwa kishindo, “pwa!” Sauti hiyo inamwambia mwalimu kosa liko wapi hata kama alikuwa ametazama pembeni. Akibaki amejikunja kama mpira, anainuka na kusimama bila kujisukuma kwa mikono.

Kuna faida nyingine isiyoonekana. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, na mwendo wa majimaji hayo ndio unaoiambia akili kwamba kichwa kimegeuka. Mtoto aliyezoea kubingirika hapotezi mwelekeo upesi anapokuwa kichwa chini miguu juu, na anajua ardhi iko upande gani kabla hajaiona.

Baada ya hapo ndipo kinakuja kichwangomba, yaani kusimama kwa kichwa miguu ikiwa juu. Wengi hukosea jambo moja: wanaweka kichwa na mikono kwenye mstari mmoja, halafu wanashangaa kwa nini wanaanguka kila mara. Mstari hausimamishi kitu. Kichwa kiwe mbele, viganja viwili nyuma yake, vitengeneze pembetatu yenye pande karibu sawa. Uzito wa mwili ukiangukia ndani ya pembetatu hiyo, mtoto anasimama. Mikono ibebe sehemu kubwa ya uzito, si shingo. Asiyeweza kupiga pushapu hata kidogo asiharakishwe kufika hapa.

Nasisitiza shingo kwa sababu madhara yake hayarudi nyuma. Elena Mukhina wa Urusi ya Kisovieti alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, akarudishwa mazoezini kabla hajapona vizuri, akafundishwa samasoti ngumu inayomalizikia kwenye kubingirika. Julai 1980, wiki mbili hivi kabla ya Olimpiki ya Moscow, hakuzunguka vya kutosha, akatua kwa kidevu na kuvunjika shingo. Alipooza hadi alipofariki mwaka 2006. Hakukosa kipaji hata kidogo; alilazimishwa kuruka hatua ambayo mwili wake haukuwa tayari kuivuka. Mzazi wa Kigoma anayesikia kwamba mwanawe “anacheleweshwa” na mwalimu kwenye kubingirika, naomba akumbuke hilo.

Sasa, nani aliyeyaingiza haya shuleni? Wagiriki wa kale walikuwa na viwanja vyao vya mazoezi, hilo linajulikana. Lakini jimnastiki kama somo la darasa, lenye mwalimu na ratiba, ni ya juzijuzi. Mjerumani Johann GutsMuths alifundisha katika shule ya Schnepfenthal kuanzia mwaka 1785, na mwaka 1793 akachapisha kitabu cha mazoezi kwa vijana kilichosambaa Ulaya. Watoto wake walikuwa nje, chini ya miti: kukimbia, kuruka, kupanda kamba, kutembea juu ya gogo, kupigana mieleka. Aliwafundisha na kuogelea, jambo ambalo wakati huo walimu wengi hawakulitaka.

Baadaye ikaingia vita. Napoleon wa Ufaransa aliiangusha Prussia, dola ya Kijerumani, mwaka 1806, na mwalimu Friedrich Ludwig Jahn akaamini taifa lake lilishindwa kwa sababu vijana wake walikuwa legelege. Mwaka 1811 alifungua uwanja Hasenheide, Berlin, ukiwa na ngazi, magogo, nguzo za kupanda, na vifaa vya kuning’inia ambavyo hadi leo tunaviona kwenye Olimpiki. Vijana walijaa, na pamoja na mazoezi wakawa wanajadili siasa. Serikali ikaogopa. Jahn alikamatwa mwaka 1819, na kuanzia 1820 viwanja vyake vikapigwa marufuku Prussia mpaka 1842.

Wakati huohuo Sweden ilikuwa inafuata njia nyingine. Pehr Henrik Ling alifungua chuo chake Stockholm mwaka 1813, akiwa amejikita katika elimu ya mwili wa binadamu, mifupa na misuli. Alitaka kila zoezi liwe na sababu: hili la mgongo, hili la kifua, hili la kupumua. Wanafunzi walisimama kwenye mistari, mwalimu mmoja akaamrisha, wote wakafuata kwa hesabu. Vifaa vilikuwa vichache. Kwa shule yenye watoto wengi na fedha kidogo hakukuwa na mfumo rahisi kuliko huo, na ndiyo sababu ulienea. Martina Bergman-Österberg, mwanamke wa Sweden, alikwenda kuufundisha London mwaka 1881, na mwaka 1885 akafungua chuo cha kuwafundisha wanawake kuwa walimu wa mazoezi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozo wa mazoezi wa shule za Uingereza ulijengwa juu ya mfumo wa Sweden.

Reli ya Mjerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, vita vikaanza mwaka huohuo, Wabelgiji wakaushika mji mwaka 1916, na Waingereza wakaukabidhiwa mwaka 1921. Mazoezi ya kusimama mistari, kunyoosha mikono juu, kando, mbele, chini, kwa “moja, mbili, tatu, nne,” yaliingia katika shule za Tanganyika kwa mkondo huo wa Uingereza. Bibi na babu zetu waliyaita drili. Hata halaiki tunayoiona kwenye sherehe za kitaifa, mamia ya watoto wakigeuka kwa pamoja, ina ndugu zake Ulaya: chama cha Sokol kilichoanzishwa Prague mwaka 1862 kilijulikana kwa maonyesho makubwa ya aina hiyo.

Kwa maoni yangu, urithi huu umetufikia nusu. Tumepokea mistari ya Ling, lakini gogo na kamba za GutsMuths hatukuzipokea. Mtoto anaweza kumaliza darasa la saba akiwa amenyoosha mikono kila asubuhi kwa miaka yote na hajawahi kufundishwa namna ya kuanguka. Mara nyingi kipindi cha michezo ndicho kinachoyeyuka mitihani inapokaribia, kinageuzwa kuwa cha hisabati au cha kufyeka uwanja. Wanaoumia zaidi ni wasichana, ambao baada ya masomo wanawahi nyumbani kuteka maji na kupika wakati kaka zao wako ufukweni wanapinduka. Kwa wasichana wengi kipindi cha shule ndiyo nafasi pekee ya kujifunza miili yao inaweza nini, na mifupa inayobebeshwa kazi wakati wa kukua ndiyo inayokuwa imara.

Wala visingizio vya vifaa havina uzito mkubwa hapa kwetu. Magodoro ya jimnastiki ni ghali, kweli, lakini mchanga upo. Shimo la mita 3 kwa 5, lenye kina cha sentimita 40, likijazwa mchanga laini wa ziwani uliochekechwa kuondoa mawe, konokono na vipande vya chupa, linatosha kufundishia kutua na kuruka darasa zima kwa zamu. Kwa kubingirika, mchanga ulegee lakini usiwe wa kuzamisha mikono. Turubai lililotandazwa juu na kuvutwa pembe zote nne linasaidia, na linazuia mchanga kuingia machoni. Shimo lisawazishwe kwa reki kabla ya kila kipindi, kwa sababu paka na mbuzi nao wanalipenda. Wasichana wavae kaptura au suruali ndani ya sketi, ili mawazo yao yawe kwenye kidevu na mabega, si kwenye nguo. Atakayelalamika maumivu ya shingo, hata madogo, aketi pembeni siku hiyo, na samasoti isubiri mpaka mtoto abingirike mara kumi mfululizo bila kusikika “pwa.”