Mkopo wenye dhamana ya serikali si garanti ya mwenye nyumba

Jumapili iliyopita, pale kwetu katika mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo, familia nzima ilisikiliza ujumbe mmoja wa sauti mara nne. Ulitoka Kentucky. Binamu yangu, ambaye siku hizi anafanya kazi ya ghala huko, alikuwa anatangaza kwamba amekubaliwa mkopo wa kununua nyumba, na kwamba "Leta ya huku inanipa garanti," yaani serikali ya huko. Kabla bukari, ugali wetu, haijapoa, baba mdogo alikuwa ameshafasiri: serikali ya Marekani imemlipia kijana garanti, kwa hiyo akiba aliyokuwa anaikusanya haina kazi tena, aitume tumalize ukuta wa lupango wetu, kiwanja chetu cha mtaa wa Katuba.

Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia neno garanti likieleweka hivyo. Mara mbili za kwanza nilinyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali ni mkopo unaotolewa na benki au kampuni ya mikopo, kwa pesa zake yenyewe, huku serikali ikiiahidi benki hiyo kwamba mkopaji akishindwa kulipa, itafidia hasara au sehemu yake. Marekani ina milango mitatu mikubwa ya namna hiyo. FHA, shirika la serikali la mikopo ya nyumba, ilianzishwa mwaka 1934, enzi za Rais Franklin Roosevelt, na iko wazi kwa watu wa kawaida. VA, idara ya waliotumikia jeshi, ni ya wanajeshi, waliowahi kuwa wanajeshi na baadhi ya wajane wao; mikopo yake ilitokana na sheria ya Juni 1944. USDA ni wizara ya kilimo, nayo hudhamini wanaonunua vijijini na katika miji midogo, mradi kipato cha kaya kisizidi 115% ya kipato cha kati cha eneo hilo. Binamu hajawahi kuvaa gwanda na anakaa mjini, basi mlango uliobaki ni FHA. Hakuna siri hapo. Kinachotusumbua ni neno.

Hapa Lubumbashi garanti ni pesa. Ni ile miezi ya kodi unayomkabidhi mwenye nyumba kabla hajakupa ufunguo, na siku ya kuhama anaanza kukuhesabia kioo kilichopasuka na rangi iliyobabuka mpaka inakwisha. (Ya kwangu ya mwisho iliishia kwenye bomba ambalo nililikuta limeoza.) Mtu aliyezoea garanti hiyo akisikia serikali imetoa garanti, atawaza nini kingine zaidi ya noti zilizohesabiwa mezani?

Lakini hata kwa Wafaransa, waliotuachia neno hilo, garanti haikuanza kama pesa. Mzizi wake ni garant, na garant ni mtu: yule anayesimama mbele za watu na kusema, "Huyu akikosa, mnitafute mimi." Kiswahili kina neno lake la kazi hiyo, nalo ni dhamana. Tulilipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba pia maana ya kuwa ndani ya kitu. Naipenda sana picha hiyo. Anayedhamini halipi leo. Analichukua deni la mwenzake na kuliweka ndani ya mzigo wake mwenyewe, likae humo likisubiri. Ndiyo maana twasema mdhamini, na huyo ni mtu mwenye uso, ambaye mwenye deni akitoroka ataamshwa yeye usiku.

Nadhani sisi wa Katanga tumelipoteza neno hili kwa sababu ya ulimi. Dh yetu hugeuka z na th yetu hugeuka s, hivyo dhamana inasikika zamana, hatua moja tu kutoka zamani, na thamani inasikika samani, ambayo kwa wengine ni viti na meza. Katika msongamano huo garanti ilionekana nyepesi.

Kisha kuna rehani, ndugu yake dhamana ambaye watu humvalisha nguo za mwenzake. Rehani ni kitu: nyumba, lupango, pete, sartifika (hati) unayoiacha mikononi mwa aliyekukopesha. Dhamana ni ahadi ya mtu. Najua benki zetu huuliza "Una dhamana gani?" zikitaka hati ya nyumba, na kamusi haziwakatazi. Ila katika mkopo wa binamu vyote viwili vipo kwa pamoja, na usipovitenganisha hutaelewa kitu. Nyumba ndiyo rehani. Serikali ndiyo mdhamini. Binamu akiacha kulipa, nyumba inachukuliwa kama ambavyo ingechukuliwa bila serikali yoyote, na benki ndiyo inayofutwa machozi. Yeye atakuwa barabarani na masanduku yake.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko garanti yenyewe: kudhani dhamana inamlinda mkopaji. Inamlinda mkopeshaji, na mkopaji ndiye anayeilipia. Kusema kweli FHA hata haidhamini kwa maana kamili, inatoa bima, ile tunayoiita asiransi. Chukua nyumba ya dola 200,000. Malipo ya awali ya chini kabisa ni 3.5%, yaani 7,000. Kwenye 193,000 zinazobaki, FHA inatoza ada ya bima ya 1.75% mara moja, ambayo ni dola 3,377 na kidogo, na kwa kawaida inaongezwa juu ya deni. Halafu kuna ada ya kila mwaka, 0.55% kwa mikopo mingi ya miaka 30 tangu ilipopunguzwa mwaka 2023. Mwanzoni ni karibu dola 88 kwa mwezi. Aliyeweka chini ya 10% anailipa muda wote wa mkopo. VA haidai malipo ya awali, lakini nayo hutoza 2.15% kwa anayeitumia mara ya kwanza bila kuweka chochote, isipokuwa wanaolipwa fidia ya ulemavu walioupata kazini.

Kwa nini basi watu waipangie foleni? Kwa sababu benki yenye mdhamini inathubutu kumpokea mtu ambaye ingemfukuza. FHA inakubali alama za krediti, zinazopima jinsi mtu anavyolipa madeni yake, kuanzia 580 kwa hiyo 3.5%, mwenye 500 hadi 579 anaweka 10%. Ni lazima akae mwenyewe ndani ya nyumba, si kuinunua apangishe. Na tangu Mei 2025 haipokei tena wakaaji wasio wa kudumu, hivyo kadi ya ukaaji wa kudumu ya binamu imemfaa.

Jambo moja lilinichekesha. Kanuni za FHA zinaitambua likelemba, upatu wetu wa kuchanga na kupokea kwa zamu! Hawaiiti hivyo, lakini wanaieleza vizuri: kundi la watu wanaochangia chungu kimoja na kukisimamia wenyewe. Pesa iliyotoka humo inakubaliwa kwa malipo ya awali, ilimradi kuna daftari, risiti na neno la mtunza hazina. Ila kama zamu yako imepita na bado unadaiwa michango, michango hiyo inahesabiwa kama deni lako. Mama zetu wa sokoni wangesema hilo halikuhitaji kuandikwa.

Niongeze kwamba "mkopo wa serikali" si kosa kila mahali. USDA hiyohiyo ina mkopo mwingine, wa wenye kipato cha chini, ambao serikali inautoa kwa mkono wake yenyewe. Huo uite hivyo bila wasiwasi. Mingine, uliza pesa zimetoka kwa nani na ahadi amepewa nani.

Nilimwambia baba mdogo hivyo, kwa maneno yetu: "Baba, Leta haikumupatia falanga hata moya. Inasimama tu nyuma ya banki. Ile falanga yake ya avansi, anailipa yeye."

Akanyamaza kidogo, akaweka simu mezani. Kisha akauliza kama likelemba ya Kentucky inapokea watu walio mbali.