Upepo wa 200 hauendi 200: kusoma ripoti ya uwanja wa Malindi

Wengi wakiona 20015KT kwenye ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Malindi hudhani upepo unaelekea digrii 200. Sivyo. Huko ndiko unakotoka: kusini, ukiegemea magharibi kidogo, kwa noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa). Manahodha wa hapa hawakosei, kusi kwao hutoka kusini.

Namba ya njia ya kurukia ndiyo inayoonyesha ndege inakoelekea. Njia kuu ya Malindi ni 17/35, lami moja yenye namba mbili: ukitua 17 pua inatazama takriban digrii 170, ukija kwa upande wa pili, 350. Kwa upepo huo, tua 17. Pembe kati ya upepo na njia ni digrii 30, kwa hiyo unapata noti 13 usoni na 7.5 ubavuni. Ukitua 35, zile 13 zinakusukuma mgongoni, magurudumu yanagusa chini kwa kasi kubwa na lami inakwisha upesi. Kitabu cha ndege ndogo ya Cessna 172 kinataka uongeze asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 2 za nyuma, na hesabu yake inakomea noti 10.

Saa nayo huchanganya watu. Z ni saa ya kimataifa (UTC), kwa hiyo 0900Z ni saa sita mchana ya Kenya, si saa tatu asubuhi. Na 9999, namba ya umbali wa kuona, si mita kamili; maana yake unaona kilomita 10 au zaidi.

Mnara wa kuongozea ndege ukikutajia upepo mwingine, fuata huo. Ripoti huenda ni ya saa nzima iliyopita.