Hatua za serikali za usawa wa kijinsia kazini na shuleni, maana yake nini hasa?

Ukitaja tu usawa wa kijinsia lazima mtu adakie "aah wanawake wanapendelewa bana", akili yake imeshakimbilia viti maalum bungeni. Ile ni sehemu moja tu. Tunaposema hatua za serikali tunamaanisha chochote inachofanya kwa makusudi, iwe sheria, waraka, bajeti au jengo, ili mtu asikose shule au kazi kisa ni mwanamke au ni mwanaume. Nitaongelea Tanzania Bara.

Kuna hatua za kukataza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, ujauzito au ndoa, na inamtaka mwajiri awalipe sawa mwanamke na mwanaume kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu hichohicho kinasema kuchukua hatua za kuleta usawa kazini sio ubaguzi, kwahiyo yule wa "wanapendelewa" alishajibiwa zamani sana.

Alafu kuna hatua za kuondoa vikwazo, na kwangu mimi hizi ndo zenye kazi kubwa ila hazina kelele. Likizo ya uzazi ni siku 84 na mshahara juu, ukijifungua mapacha ni 100. Baba anapewa angalau siku 3, yaani kitovu cha mtoto hakijadondoka mtu yuko ofisini. Kingine ambacho wengi hawakijui, mama akirudi kazini akiwa ananyonyesha ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto. Nzuri sana kwenye karatasi, sasa chukulia dada anafanya kazi Posta, katikati ya jiji la Dar, na mtoto kamuacha na bibi yake Mbagala, mbali huko pembeni ya jiji, hayo masaa mawili si yanaishia barabarani? Ndo maana wengi wanaelewana na bosi watoke mapema jioni, au wanakamulia maziwa chooni, kwa sababu sheria imetoa muda haijaleta chumba wala sehemu ya kulelea watoto hapo kazini.

Shuleni nako mambo ni hayohayo. Miaka mingi binti akipata mimba alikuwa anafukuzwa, na 2017 Rais Magufuli alisema wazi kwamba hatorudi shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia ikabadilisha, aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani kwenye mfumo rasmi. Kabla ya hapo, 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kuna na mpango wa kujenga shule ya wasichana ya sayansi kila mkoa, za bweni, maana binti anayetembea kilomita kibao kwenda shule ya kata ndo anakutana na wa bodaboda wa kumpa lifti, mengine unayajua. Ila kwa huyu mama mwanafunzi swali bado lipo, asubuhi akivaa yunifomu mtoto anabaki na nani? Kama bibi yupo sawa, kama hayupo ruhusa peke yake haimrudishi darasani.

Mikopo ya asilimia 10, yaani ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nayo imo humuhumu, asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hii ni kwa wanaojiajiri, ambao likizo ya uzazi yenye mshahara wanaisikia tu kwa wenzao.

Kwa walioajiriwa, ukiachishwa kazi kisa mimba hiyo ni kuachishwa isivyo halali, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ukafungue mgogoro ndani ya siku 30, usikae nyumbani unasubiri HR akupigie.