Kupanga nyumba ili uwapangishe wageni wa usiku: mkataba kwanza, kitanda baadaye

Kazi yangu ni kuandaa na kukagua mikataba ya pango. Siku hizi swali ninaloletewa sana ni hili: "Nimeona nyumba nzuri ghorofani. Nataka niipange mwaka mzima, niiwekee samani, kisha niwapangishe wasafiri kwa usiku. Mwenye nyumba amesema hana shida. Nianze?" Nami huuliza: amesema wapi, na amekubali nini hasa?

Kukubali kwa mdomo ni hatari kwa sababu kila mmoja ana picha yake kichwani. Wewe unawaza wageni wapya kila baada ya siku tatu. Yeye huenda anawaza utampa chumba ndugu yako anayesoma. Hata mkataba wenye kifungu kinachokuruhusu kupangisha mtu mwingine haukupi moja kwa moja ruhusa ya kuendesha biashara ya malazi. Anayehamia na vyombo vyake akaishi humo ni mpangaji mdogo. Anayeingia Ijumaa na kuondoka Jumapili ni mgeni, na sheria inaweza kuwatazama hawa wawili kwa macho tofauti.

Tafuta kwenye mkataba wako maneno kama "kwa makazi binafsi tu". Watu huyaruka kwa sababu hayataji wageni wala watalii, lakini yanaweza kukufunga vilevile. Mwaka 2016, baraza la rufaa la masuala ya ardhi nchini Uingereza liliamua kwamba mwenye hati ya miaka mingi ya nyumba ya ghorofa alikuwa amevunja sharti la aina hiyo kwa kuwapangisha watu kwa siku chache chache. Hoja ilikuwa kwamba mtu wa kupita hakai kwa udumu wa kutosha kusema hapo ndipo makazi yake. Ikiwa mwenye hati ya miaka mingi alibanwa hivyo, mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja ana kinga gani?

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Wapangaji walikuwa wamepangisha nyumba kupitia Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kupangishia malazi, bila idhini ya mwenye nyumba, huku wakiendelea kumlipa pango lake kila mwezi. Walidhani kwa kuwa pango linalipwa, faida ni yao. Septemba 2019 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba fedha zilizotokana na upangishaji huo ni matunda ya mali, na matunda ya mali ni ya mwenye mali. Wakatakiwa kumrudishia zaidi ya euro 27,000. Kuwa na risiti zote za pango hakukuwaokoa.

Ndiyo maana nataka idhini iandikwe, na iandikwe kwa kutaja jambo lenyewe: kwamba mpangaji anaruhusiwa kupokea wageni wa muda mfupi kwa malipo, kwa uchache wa usiku fulani, wasiozidi idadi fulani, na kuitangaza nyumba mtandaoni. Itaje pia nani analipa kitu kikivunjika, na nini kitatokea nyumba ikiuzwa kabla mkataba haujaisha. Hili la kuuza ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo limewaacha wateja wangu kadhaa na samani mpya wasiojua pa kuzipeleka.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: mwenye nyumba hawezi kukupa ruhusa asiyokuwa nayo. Kama nyumba imewekwa rehani benki, masharti ya mkopo yanaweza kukataza matumizi ya biashara. Kama ni ghorofa lenye wamiliki wengi, chama chao kinaweza kuwa na kanuni inayozuia wageni wa usiku, na kanuni hiyo inamfunga yeye kabla ya kukufunga wewe. Omba nakala ya kanuni za jengo na uzisome mwenyewe. Majirani wa ghorofani wana haki ya kulala na ya kujua nani anapanda lifti yao. Mimi siwaoni kama kikwazo. Ukianza kwa kuwaficha, wao ndio watakaokushtaki.

Juu ya hayo yote iko sheria ya mji. New York ilianza kutekeleza Septemba 2023 sheria inayomtaka mwenyeji wa wageni wa chini ya siku 30 ajisajili, awepo nyumbani wakati wageni wapo, na wasizidi wawili. Kwa masharti hayo, kupanga nyumba nzima usiyoishi ili kuwapangisha watalii hakuwezekani. London, nyumba ya makazi haipangishwi kwa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Amsterdam iliweka ukomo wa usiku 30 mwaka 2019. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni za nyumba za watalii zaidi ya 10,000 zitakapoisha muda Novemba 2028.

Sasa chukua kalamu. Nitatumia namba tupu, wewe weka sarafu yako. Pango ni 1,000 kwa mwezi. Umeme, maji, intaneti na bima 200. Kwa hiyo kila mwezi 1,200 inatoka, mgeni aje asije. Usiku mmoja unauza 80. Jukwaa likichukua asilimia 15, limeondoka na 12. Usafi na kufua mashuka ni 24 kwa kila mgeni, na mgeni akikaa usiku tatu, ni 8 kwa usiku. Unabaki na 60. Gawanya: unahitaji usiku 20 kila mwezi ili tu usipate hasara, na hapo hujarudisha gharama ya samani wala hujajilipa mwenyewe. Wageni wakiwa wa usiku mmoja mmoja, unabaki na 44 na unahitaji usiku 28. Msimu ukiwa mbaya ukashusha bei hadi 65, hata wageni wa usiku tatu watakudai usiku 26.

Usiku 20 kwa mwezi ni 240 kwa mwaka. Linganisha na ule ukomo wa 90 wa London.

Kiini cha tatizo ni kwamba deni lako limefungwa kwa miezi, ilhali mapato yako yanakuja kwa usiku. Ukubwa wa biashara hauliondoi. Stay Alfred ya Marekani, iliyokodi nyumba kwa mikataba mirefu na kuwapangisha wasafiri, ilifunga mwaka 2020 wasafiri walipokatika. Sonder, kubwa kuliko hiyo na yenye mfumo huohuo, ilisimama ghafla Novemba 2025 baada ya kampuni ya hoteli ya Marriott kuvunja nayo mkataba, na wageni waliokuwa vyumbani wakatakiwa kuondoka.

Kwa anayeanza, mimi hupendekeza kitu kingine: mkataba wa usimamizi. Hupangi nyumba; unamwendeshea mwenye nyumba kwa asilimia ya mapato. Faida yako itakuwa ndogo miezi mizuri, lakini mwezi mtupu hudaiwi pango. Mwenye nyumba naye anaona hesabu zote, na ninavyoona, hilo hupunguza ugomvi kuliko kifungu chochote ninachoweza kuandika. Akikataa na kutaka pango la uhakika, jaribu mgawanyo: pango dogo la kudumu na sehemu ya mapato juu yake.

Bima usiiache. Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi haigusi hasara iliyotokana na wageni wanaolipa, na kampuni ikigundua hukuwaambia, inaweza kukataa dai zima, hata la moto ulioanzia kwa jirani. Pata bima inayotaja malazi ya muda mfupi, na mwenye nyumba aiarifu kampuni yake pia, kwa maandishi.

La mwisho ni kalenda. Kama mkataba wako unamruhusu mwenye nyumba kuuvunja kwa notisi ya siku 60, usipokee nafasi za miezi minane mbele. Ifungue kalenda kwa siku 60, na uisogeze kadiri siku zinavyokwenda. Mgeni aliyelipia likizo ya familia yake hahusiki na ugomvi wako na mwenye nyumba, na ukimfutia nafasi, utamrudishia fedha zake na huenda ukatozwa faini na jukwaa juu yake.