Wapanará waliondolewa kwanza, dhahabu ikafuata

Historia ya Peixoto de Azevedo, manispaa ya wachimbaji kaskazini mwa jimbo la Mato Grosso nchini Brazili, husimuliwa kana kwamba ilianza siku dhahabu ilipoonekana. Mimi natafiti historia ya ardhi, na simulizi hilo linaniuma kwa sababu Wapanará, watu wa asili wa eneo hilo, hawamo.

Bonde la mto Peixoto lilikuwa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya kijeshi ilipasua msitu wao kwa barabara ya BR-163, kutoka Cuiabá hadi Santarém. Ndugu wawili, Orlando na Cláudio Villas-Bôas, walitumwa watangulie kujenga urafiki nao, na mwaka 1973 wakakutana. Mafua na kuhara vikafuata. Wapanará hawakuwa na kinga, na kijiji kizima kikilala kwa ugonjwa, nani ataenda shambani, nani atawinda, nani atazika? Januari 1975 manusura 79 walipandishwa ndege na kupelekwa Xingu, hifadhi ya watu wa asili, wakawekwa miongoni mwa jamii nyingine, wakiwemo Wakayapó waliokuwa mahasimu wao.

Mfuatano huu ni muhimu sana. Barabara na maradhi ndivyo vilivyowang'oa. Wachimbaji walimiminika baadaye, kuelekea mwisho wa muongo huo, wakakuta bonde linaloonekana halina mwenyewe, na manispaa ikaundwa mwaka 1986. Dhahabu iliwanyima Wapanará pa kurudi: kingo za mito zilibomolewa kwa maji ya pampu, na zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua vizuri, ikaachwa majini na kwenye matope.

Mwaka 1991 baadhi yao walirudi kuitazama nchi yao, wakakuta sehemu kubwa imekuwa mashimo, malisho na miji. Msitu ulikuwa umesalia upande wa mto Iriri. Huko, katikati ya miaka ya 1990, wakajenga kijiji cha Nansepotiti, na hatimaye serikali ikawatambulia takriban hekta 495,000. Walikwenda pia mahakamani, na dola ikaamriwa kuwalipa fidia kwa vifo na kuhamishwa kwao. Kwangu mimi hukumu hiyo ina uzito mkubwa, maana ilikiri kwamba bonde lile halikuwa tupu, lilifanywa tupu.

Bonde la Peixoto lenyewe halimo ndani ya hekta hizo.