Jedwali kubwa si jedwali la haraka: dhana potofu kuhusu kusimbua data zilizobanwa

Kwa mara nyingine mteja ameniletea programu yake ya kufungua data za DEFLATE (muundo wa kubana data unaotumika, kwa mfano, katika faili za ZIP), akilalamika kwamba inakwenda polepole kuliko zlib, maktaba maarufu ya muundo huo, na kwa mara nyingine nimekuta ndani yake jedwali moja lenye visanduku 32,768. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kama walivyonijibu wengi kabla yake: msimbo mrefu kabisa katika DEFLATE, yaani mfululizo wa biti unaosimama badala ya alama moja ya data, una biti 15, kwa hiyo jedwali linaloangalia biti 15 kwa mpigo humaliza kila alama kwa hatua moja, na hakuna njia inayoweza kulishinda. Hoja hiyo inapendeza kwenye karatasi, na ndiyo maana inaendelea kuwapoteza watu wanaoijua kazi yao.

Ni kweli kwamba jedwali hushinda kuteremka mti wa Huffman, yaani mchoro wa matawi unaofuatwa hadi kwenye alama, biti moja moja. Tuchukue misimbo minne: A ni 0, B ni 10, C ni 110 na D ni 111. Jedwali la biti 3 lina visanduku 8. A hukaa katika vinne, B katika viwili, C na D kimoja kimoja, na kila kisanduku hutaja alama pamoja na urefu wa msimbo wake. Programu huchungulia biti 3, husoma kisanduku, kisha huondoa biti za msimbo huo tu. Lakini vile visanduku vinne vya A vyote vinasema jambo lilelile, na kadiri jedwali linavyokua ndivyo nakala za namna hiyo zinavyozidi. Katika jedwali la biti 15, msimbo wa biti 7 hujirudia mara 256, na visanduku vyote 32,768 kwa pamoja havielezi zaidi ya alama 286.

Wanaolitetea jedwali hilo huhesabu muda wa kulisoma na kuusahau muda wa kulijaza. Katika DEFLATE, kila bloku (kipande cha data) yenye misimbo yake yenyewe hulazimisha majedwali yajengwe upya. Maktaba ya zlib, inapobana kwa mipangilio yake ya kawaida, hufunga bloku ikishakusanya alama zipatazo 16,000, iwe kila moja ni herufi au ni rejeo la nyuma, yaani agizo la kunakili data zilizokwisha kutolewa, linalotaja urefu wa kunakili na umbali wa kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba programu ya mteja wangu ilijaza visanduku viwili kwa kila alama moja iliyokuja kuisoma, tena kabla haijatoa hata baiti moja. Bloku ikiwa fupi, hasara huzidi.

Kisha ipo kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Kisanduku kikiwa na baiti 4, jedwali hilo huchukua kilobaiti 128, ilhali kache ya kwanza ya data katika prosesa nyingi ni kilobaiti 32 au 48, na dirisha la kilobaiti 32 la DEFLATE, yaani data za karibuni ambazo rejeo linaweza kuzinakili, nalo linaigombania kache hiyohiyo. Ubaya huongezeka kwa sababu DEFLATE hupanga biti kuanzia ile ya thamani ndogo: msimbo hukaa kwenye biti za chini za faharasa (namba ya kisanduku), na biti za juu hutoka kwenye alama zinazofuata, hivyo nakala za alama inayotokea mara nyingi zaidi hazikai pamoja bali hutawanyika jedwali zima. Hatua moja inayosubiri data kutoka kwenye kumbukumbu ya mbali hugharimu zaidi ya hatua mbili zilizo karibu.

Mark Adler, aliyeandika upande wa kufungua wa zlib, alifuata njia nyingine. Jedwali la kwanza la herufi na urefu huangalia biti 9 tu, yaani visanduku 512, na lile la umbali huangalia biti 6. Msimbo ukizidi hapo, kisanduku huelekeza kwenye jedwali dogo la pili. Hata kwa misimbo migumu kabisa inayoruhusiwa, visanduku havizidi 852 kwa herufi na urefu na 592 kwa umbali, jumla chini ya kilobaiti 6. Ngazi ya pili hufikiwa mara chache, kwa kuwa njia aliyoichapisha David Huffman mwaka 1952 huziachia alama adimu misimbo mirefu: msimbo wa biti 10 ni wa alama inayotarajiwa kutokea takriban mara 1 katika 1,024. Ninamshauri kila mtu aanze na biti 9, apime kwa faili zake mwenyewe, kisha ajaribu 10 na 11. Anayetaka kuepuka kabisa ngazi ya pili atumie muundo uliobuniwa hivyo, kama Zstandard, ambao misimbo yake ya Huffman haivuki biti 11.

Wapo pia wanaoamini kwamba jedwali lenyewe limo ndani ya faili. Halimo. Kilichomo ni urefu wa misimbo tu, nao umebanwa kwa misimbo mingine isiyozidi biti 7; misimbo kamili hupatikana kwa kuhesabu kwa mpangilio maalumu. Wengine huhofia kwamba kuchungulia biti 9 kwa ajili ya msimbo wa biti 3 hupoteza biti za alama inayofuata. Kuchungulia si kuondoa, na pa kuangalia ni mwishoni mwa data tu: zlib huingia kwenye mzunguko wake wa kasi pale tu zinapokuwapo angalau baiti 6 za kusoma na nafasi ya baiti 258 za kuandika.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba faili mbovu huzaa matokeo mabovu tu, basi. Mwezi Septemba 2023 ilibidi vivinjari vikubwa visahihishwe kwa haraka kwa sababu ya kosa la libwebp, maktaba ya kusoma picha za WebP: ukubwa wa majedwali ulikuwa umekadiriwa kwa kudhani misimbo ni halali, lakini majedwali yalijazwa kabla ya uhalali huo kuthibitishwa, na picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuandika nje ya kumbukumbu iliyotengwa. Kwa hiyo jumlisha kwanza, ndipo ujaze: kila msimbo wa biti L uhesabiwe kuwa 2 kwa kipeo cha (15 − L), na jumla iwe 32,768 kamili. Ikizidi, kataa faili. Ikipungua, kataa pia, isipokuwa pale ambapo bloku haina msimbo wowote wa umbali, au ina mmoja tu, wenye biti 1, hali ambazo DEFLATE inaziruhusu. Hapo jedwali lote au nusu yake hubaki wazi, na kila kisanduku kilicho wazi lazima kijazwe ishara ya kosa, kisiachwe na chochote kilichobaki kutoka bloku iliyotangulia.