Kikosi cha dainasti kati ya Februari na Agosti: dhana potofu na ukweli

Super Bowl, fainali ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), ikishapita Februari, mameneja wengi wa fantasi yake, mchezo wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanayofanya uwanjani, huiacha programu kwenye simu mpaka Agosti. Kwa ligi za kawaida hilo si tatizo, maana kila mtu ataanza upya. Dainasti haiko hivyo. Aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ambako kila msimu unapewa pauni milioni 100 na Haaland anaweza kuwa kwako na kwa kila mtu kwenye kundi lenu la WhatsApp, ashike tofauti hii kwanza: kwenye dainasti unabaki na wachezaji wako mwaka hadi mwaka, kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu katika ligi, na chipukizi, wachezaji wapya wa NFL, hugawanywa kwa drafti (kuchagua kwa zamu) yenu wenyewe, mara nyingi baada ya NFL kumaliza ya kwake mwishoni mwa Aprili. Miezi ambayo hakuna mechi ndiyo inayojenga kikosi, na ndiyo iliyojaa imani zisizo sahihi.

"Nafasi za mwisho benchi hazina maana"

Hapa ndipo timu nyingi huvuja bila mwenyewe kujua. Chukua ligi ya timu 12, kila moja ina nafasi 26. Kikosi chako kimejaa, na una machaguo manne, yaani zamu nne za kuchagua, kwenye drafti ya chipukizi. Siku ya drafti ikifika ni lazima uachie watu wanne, na utawaachia bure. Wapinzani wako watawaokota na hawatakushukuru.

Meneja makini huanza kuhesabu nafasi hizo mwezi Machi. Anamtafuta mwenzake ambaye benchi lake limekauka, anampa wachezaji wawili wa kiwango cha kati na kuchukua mmoja aliye bora kidogo. Mwenzake amepata idadi, yeye amepata ubora pamoja na nafasi tupu. Ukifanya hivyo mara mbili, tatizo lako la drafti limepungua nusu na hujamtupa mtu.

Wa kuachia kwanza wanajulikana. Mpiga teke hana sababu ya kukaa kikosini Aprili kama kanuni zenu hazilazimishi. Kadhalika mkimbiaji (anayebeba mpira kwa kukimbia) wa tatu wa timu ambayo imemchukua mkimbiaji mwingine kwenye drafti. Kumbuka kwamba timu za NFL huingia kambini Julai na watu 90 na hupunguza hadi 53 mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mtu unayemng'ang'ania leo anaweza asiwe hata na kazi Septemba. Wa kubaki naye ni yule mkimbiaji wa akiba ambaye, aliye mbele yake akiumia, mpira wote unakuwa wake.

"Mchezaji akifika miaka 27, uza"

Ni kweli kwamba wakimbiaji wengi hushuka karibu na umri huo. Wanapigwa kila wiki na miili inachoka mapema kuliko ya wapokeaji, wale wanaodaka pasi. Lakini Machi 2024, dirisha la wachezaji huru lilipofunguka, Saquon Barkley aliondoka Giants kwenda Eagles akiwa na miaka 27, na Derrick Henry akaenda Ravens akiwa na 30. Msimu huo Barkley alikimbia yadi 2,005. Henry alikimbia 1,921 na kupata tachidauni 16 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani). Wote wawili walikuwa wamehamia kwenye timu zenye mashambulizi imara kuliko walikotoka, na habari hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu miezi sita kabla ya mechi ya kwanza.

Sisemi ukusanye wazee. Timu inayojengwa upya haina haja na Henry. Pointi zake zitakwisha kabla ya wengine kukomaa. Timu inayowania ubingwa mwaka huu ndiyo inayomhitaji, na msimu wa mapumziko humpata kwa bei nafuu kwa sababu kila mtu anatazama cheti cha kuzaliwa.

"Chaguo la raundi ya kwanza usiliachie kamwe"

Chaguo halizeeki wala haliumii, ndiyo maana bei yake hupanda kadiri drafti inavyokaribia, na hufika kileleni pale zamu yako inapowadia. Ukishataja jina, umeshika binadamu. Mwaka 2020 Chiefs walimchukua Clyde Edwards-Helaire nafasi ya 32 kwenye drafti ya NFL, na katika ligi nyingi za dainasti akawa chaguo la kwanza kabisa. Justin Jefferson, aliyechukuliwa na Vikings nafasi ya 22, aliachwa achukuliwe na wengine nyuma yake. Mwaka 2022 Jefferson aliongoza NFL kwa yadi 1,809 za kupokea, na Edwards-Helaire hakuwahi kufikisha yadi 1,000 za kukimbia katika msimu wowote wa miaka yake na Chiefs.

Upande wa pili yuko Puka Nacua, nafasi ya 177 mwaka 2023, aliyemaliza msimu wake wa kwanza na mapokezi 105 na yadi 1,486. Kumpata mtu wa namna hiyo kunahitaji nafasi tupu, na tumeshaona zinakotoka.

"Majeruhi ni mzigo"

Uliza ameumia lini. Ligamenti ya goti, ile ya ACL, huchukua takriban miezi tisa hadi kumi na miwili kupona. Aliyeumia mwanzoni mwa msimu ana nafasi nzuri ya kuanza unaofuata. Aliyeumia Desemba huenda akakosa mwanzo wake. Breece Hall wa Jets aliumia Oktoba 2022. Mwaka 2023 alicheza mechi zote 17, akapata yadi 994 za kukimbia na 591 za kupokea. Aliyemuuza kwa hofu wakati wa baridi aliuza kipindi kibaya kuliko vyote.

"Mkataba mnono ni dalili ya pointi"

Hapana. Kenny Golladay alisaini na Giants mwaka 2021 mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 72, na msimu huo hakufunga hata tachidauni moja.

"Kwotabeki wawili wanatosha"

Katika ligi zinazokuruhusu kuanzisha kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wawili, hawatoshi. Andrew Luck wa Colts alitangaza kustaafu tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, wiki mbili tu kabla ya msimu kuanza. Aliyekuwa akimtegemea aliingia sokoni siku ambayo kila muuzaji alijua shida yake. Wa tatu mtafute Mei, mara tu baada ya drafti, wakati wenzako macho yote yako kwa chipukizi na kwotabeki wa miaka 33 haulizwi na mtu.